Michezo ya maneno ya kukunoa kwenye mafumbo ya nyimbo: mwongozo kamili kwa mtunzi

Kama unaandika nyimbo za Kiswahili na kila ukifika sehemu ya kumsifia mpenzi kalamu inaandika yenyewe wewe ni ua, wewe ni asali, wewe ni malaika, basi kaa hapa tuongee. Kipaji unacho, hilo sina wasiwasi nalo. Tatizo la watunzi wengi ninaowaona ni kwamba wanatafuta jina la kumbandika mtu (ua, nyota, malkia) wakati msikilizaji anashikwa na kitendo. Ukiniambia "wewe ni moto" nimekusikia na nimeshakusahau, ila ukiniambia "umenipulizia majivu nikadhani nimezima" hapo nageuza shingo, nataka kujua nini kiliendelea. Moto haujatajwa hata kidogo ila upo.

Kwa hiyo michezo yote nitakayokupa hapa chini inakuvuta kwenda huko, utoke kwenye majina uingie kwenye vitenzi, na ukishaingia kwenye dunia moja ya vitu ubaki humo humo mpaka vesi iishe. Nimeiita michezo kwa sababu ni michezo kweli, mingi inachezeka na washkaji kibarazani mnasubiri umeme urudi. Huhitaji kitu zaidi ya daftari, kalamu, simu ya kurekodi sauti, bakuli mbili na mtu mmoja wa kukucheka.

Kwanza: staafisha maneno

Chukua karatasi andika maneno yote ya mapenzi yanayokujia bila kufikiri. Nakutabiria utaandika moyo, ua, asali, malaika, nyota, jua, mwezi, pumzi, mboni ya jicho, sukari, dawa, tabibu, na kama umekulia kwenye taarabu na mnanda utaongeza tunda, tena utalitaja lenyewe, embe au nanasi, na sote tunajua unaongelea nini. Hayo ni maneno mazuri ila yamefanya kazi miaka mingi sana, yamechoka. Yape likizo. Weka dakika 10 kwenye simu uandike mistari minne ya mapenzi bila kutumia hata moja kati ya hayo.

Utahangaika, ndiyo maana yake. Dakika mbili za kwanza hakuna kinachotoka, ya tatu unaanza kuangalia chumbani ulipo, unaona feni, ndala, chaja, sufuria, na hapo ndipo nilipokuwa nakutaka. Usihukumu ulichoandika, kihifadhi tu. Matunda nitayarudia kidogo kule mbele, asali nayo ina mchezo wake.

Pili: kitendawili kwa kurudi nyuma

Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote na tulishaucheza wote tukiwa wadogo, ila hatukuambiwa kwamba ni darasa la utunzi. Angalia jinsi vitendawili vya zamani vilivyojengwa. "Nyumba yangu haina mlango", jibu ni yai. "Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni", jibu ni njia. Umeona ufundi wake? Kinatajwa kitu cha kawaida kabisa, nyumba, kamba, halafu kinapewa kasoro ambayo kitu hicho hakitakiwi kuwa nayo. Nyumba bila mlango. Kamba isiyofunga. Kasoro ndiyo inayokulazimisha ufikiri. Mtu angesema "nyumba yangu nyeupe ya mviringo" angekuwa anachora yai tu, hakuna fumbo hapo.

Sasa sisi tunarudi nyuma, tunaanza na jibu. Chagua hisia au hali, mfano wivu, deni, umaarufu, upweke. Tafuta kitu kinachofanya kazi inayofanana na hiyo hali halafu kipe kasoro. Mimi nikijaribu:

Wivu: mlinzi wangu halali usiku kucha, na mwizi anapita.
Deni: mgeni wangu hana miguu, mwisho wa mwezi anafika.
Umaarufu: nguo yangu ya bei mbaya, nikiivaa naonekana uchi.
Upweke: nyumba imejaa watu, sahani imepakuliwa moja.

Hiyo ya wivu tayari ni mwanzo wa vesi, unaweza kuendelea na mlinzi, tochi yake, filimbi yake, sare yake, koti lake la baridi, hela yake ndogo. Mtegee mwenzako. Sema "kitendawili", aseme "tega". Akipata jibu haraka mno, fumbo lako ni jepesi, kaza kidogo. Akishindwa akakupa mji, usimcheke ukafurahi, maana msikilizaji wa redio hana nafasi ya kukupa mji, yeye anabadilisha stesheni. Ongeza kitenzi kimoja cha kumsaidia halafu mtegee mtu mwingine ambaye hajasikia. Unapotaka kufika ni pale mtu anaponyamaza sekunde mbili tatu halafu anasema "aaah, umeua".

Kosa la kawaida hapa ni kutoboa siri mwenyewe. Kuna mtu ataandika "nimetega ndoano samaki ananisomea meseji na tiki za bluu". Sasa ndoano ya nini kama meseji umeshaitaja? Ama uvue ama uchati.

Tatu: bakuli mbili

Kata vikaratasi. Bakuli la kwanza weka hali za kibinadamu: kusamehe, kuachwa, pesa ya kwanza, kumkumbuka mama, kusalitiwa na rafiki, kuhama mji, kutafuta kazi, kurudiana. Bakuli la pili weka vitu vya mtaani kwako, na nasisitiza vya kwako, sio theluji wala farasi mweupe. Kwangu ni LUKU (umeme wa kulipia kabla), jiko la mkaa, kufuli, mtungi wa gesi, mwavuli, turubai la msiba, pasi, ndala, sufuria la mama ntilie. Ukiwa Mombasa, Bukavu au Muscat vitu vitabadilika, viache vibadilike.

Vuta kimoja huku kimoja huku bila kuangalia, na ukishavuta hakuna kurudisha. Hii kanuni ishike sana kwa sababu akili itakuambia hivi viwili havina uhusiano, na huo uhusiano usiokuwepo ndio kazi uliyojiitia.

Tuseme nimevuta "kusamehe" na "LUKU". Kabla ya kuandika mstari wowote naihoji LUKU maswali manne: inafanyaje kazi, inaharibikaje, nini kinatokea ikiisha, na nani anahusika nayo. Najibu kwa kuandika, sio kichwani. Unanunua uniti, unapata tokeni ya namba 20, unaziingiza moja moja kwenye mita, ukikosea moja mita inakataa unaanza upya, na tokeni ikishatumika mara moja haiingii tena hata ubembeleze vipi. Uniti zikikaribia kuisha kuna mita zinalia na kuwasha kitaa chekundu. Zikiisha, giza, na mara nyingi giza lenyewe linakuja usiku wakati una njaa.

Sasa ona utajiri uliopo pale. Mtu anayeomba msamaha kwa maneno yale yale ya mwezi jana huyo ameleta tokeni iliyotumika:

Samahani yako ya jana leo unaileta tena
Naiingiza moja moja, mita yangu inagoma

Nani atahitaji kuelezwa hiyo? Na sijasema moyo umevunjika. Kitaa chekundu nimekiweka akiba kwa ajili ya vesi ya pili, maana ni onyo, kiliwaka muda mrefu na yeye alikuwa anakiona.

Kuna jozi zitakufa kabisa, hazizai kitu. Ukishazihoji maswali yote manne na bado ni kavu, weka pembeni vuta nyingine. Usikae na jozi moja jioni nzima.

Nne: azima kazi ya mtu

Hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo nyimbo nzima zinapopatikana, tofauti na ile ya juu inayokupa mstari mmoja mmoja. Kila kazi ina lugha yake na lugha hiyo imejaa vitenzi ambavyo hakuna mtunzi ameshavigusa. Nenda ukakae kwa fundi cherehani nusu saa ukijifanya unasubiri suruali (hata hivyo utasubiri tu, mafundi wetu tunawajua), uandike kila kitenzi utakachosikia: pima, kata, bana, achia, pinda, fumua, darizi, tia pindo, piga pasi. "Nibanie kiunoni niachie kifuani", mteja kasema nguo, wewe sikia uhusiano. "Hii ukifumua sana kitambaa kitachanika", hiyo nayo ni kuhusu ndoa, bila hata kubadilisha neno.

Mvuvi naye ana tega, vua, kokota, pwa, jaa, shusha nanga, tweka tanga. Fundi simu, kinyozi, muuza mitumba wa soko la Karume, mpiga debe, wote wana maneno yao. Wa Nairobi mna makanga wa matatu na lugha yake inayobadilika kila wiki, sina cha kuwafundisha hapo.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho, daladala ya Dar. Naandika kila kitu nikijuacho: suka (dereva), konda, nauli, chenji, kituo, siti ya dirishani, kushika bomba, kubanana, kushusha, "abiria chunga mzigo wako", kugeuza na gari (ile ya kupanda gari linapoelekea mwisho wa ruti ili ukae siti linapogeuka), na ile inayoudhi kuliko zote, kukatisha ruti, gari limeandikwa linafika mwisho ila konda anawashusha katikati kwa sababu zake.

Halafu najiuliza kati ya hivi vyote kipi kinauma? Kukatisha ruti. Umelipa nauli kamili, umeaminishwa unafika, unashushwa njiani. Huyo ni mpenzi aliyeahidi ndoa. Basi hapo wimbo umeshapatikana, vingine vyote vinakuwa wasaidizi wake. Mimi ni mpenzi wa mizani 8 kwa 8 za ushairi wetu kwa hiyo nimeipanga hivi:

Ulisema ni Mbagala, wanishusha Mtongani
Nauli ulishakula, sijabaki na thumuni
Nimeshika bomba, wala sikuuliza kwa nini
Ruti umeikatisha, konda, nishuke kwa nani?

Hesabu kwa vidole utaona kila nusu ya mstari ina silabi 8 (ule wa tatu ukate baada ya "wala"), na vina vya mwisho vimekaa kwenye -ni. Wewe kama unaandikia biti ya amapiano huhitaji mizani hivi, ila jaribu hata kwa mazoezi, kwa sababu mizani inakulazimisha kutupa maneno ya kujazia. Na angalia mstari wa tatu, "nimeshika bomba, wala sikuuliza kwa nini", huyu mtu amekubali kusimama safari nzima, hakudai hata siti. Hiyo ni tabia ya mtu, tumeijua kwa bomba la daladala.

Sheria ya mchezo huu: ukishaingia kwenye gari usishuke. Ukiandika "ruti umeikatisha, nikazama baharini kama ua lililochomwa na jua" umenipandisha gari, ukanitupa majini, ukanigeuza mmea, na mimi msikilizaji nimechoka. Dunia moja kwa vesi moja. Ukitaka kubadili dunia subiri daraja la wimbo au vesi inayofuata, na hata hapo fikiria mara mbili.

Tano: ngazi ya kumtoa "kama"

Huu mfupi. Andika tashbihi yoyote yenye "kama". Kisha toa "kama". Kisha toa hata kitu chenyewe, bakiza kinachofanywa na kile kitu.

Ngazi ya chini: umbea wako kama redio.
Ya kati: wewe redio.
Ya juu: umeme umekatika mtaa mzima, wewe bado unatangaza.

Au chukua mapenzi ya kudaiana. Mapenzi yako kama ule mkopo wa kwenye simu, Fuliza kwa wa Kenya, Songesha kwa wa Tanzania. Halafu: mapenzi yako mkopo. Halafu juu kabisa: furaha ikiingia tu, umeshakata chako. Kila aliyewahi kutumiwa elfu kumi ikafika elfu nne anajua maumivu hayo.

Sio lazima kila mstari ufike juu. Wimbo wote ukiwa wa ngazi ya juu unakuwa mtihani wa taifa. Mara nyingi mimi ningeweka ya chini kwenye kiitikio ambako watu wanaimba pamoja na ya juu kwenye vesi ambako wanasikiliza.

Sita: kitenzi kimoja kukizungusha

Kiswahili kina vitenzi vinavyobeba mizigo mingi kwa wakati mmoja. Chukua funga. Unafunga mlango, unafunga ndoa, unafunga saumu, unafunga goli, unafunga safari, unafunga virago, unafunga mkanda, shule inafunga, mtu anafungwa jela. Orodhesha zote halafu zigonganishe mbili mbili:

Jana tumefunga ndoa, leo wafunga virago
Nafunga mimi saumu, wewe wafunga mabao

Hakuna kitu kilichofananishwa na kitu hapo, neno lenyewe limebadilika likiwa mdomoni. Ukimaliza maana anza kulinyambua: fungia, fungika, fungana, fungisha, fungua, funguka. Hapa unapata na zawadi nyingine, vina vinakuja vyenyewe, ulinifungia, ukanizimia, ukanikimbia, halafu mwishoni "nimefunguka" inaingia kama mlango kweli umefunguliwa. Jaribu pia panda (gari, mbegu, bei, jukwaa, na hata njia panda), kata, tua, shika, kaa, paa. Chagua kimoja kwa siku, jaza ukurasa.

Tahadhari moja, mchezo huu unalewesha. Kuna marapa wanaandika vesi nzima ya kugeuza geuza maneno na ukiuliza wimbo unahusu nini hawajui. Mistari miwili ya namna hii kwenye wimbo inatosha.

Saba: mchongoano wa kusifia

Watoto wa Kenya wanajua mchongoano, ule utani wa kuchambana kwa kutia chumvi: "kwenu nyumba ni ndogo hadi wazo jipya likiingia la zamani linatoka nje". Kinachofanya ichekeshe ni neno "hadi", linaahidi kitu kisichowezekana halafu linakileta kwa undani kama kimetokea kweli. Chezeni raundi kadhaa za kawaida mpate moto (wazazi wa watu na maumbile ya watu tuviache), kisha geuzeni, kila mmoja atie chumvi kwa kusifia au kwa kukumbuka.

Nakukumbuka hadi... na sasa malizia. Sio "hadi nalia", hiyo mtu yeyote anaweza. Nakukumbuka hadi napika vikombe viwili vya mchele nakula kimoja. Nakukumbuka hadi simu ya mtu mwingine ikiita naangalia yangu. Tumeanza na chumvi tukaishia kwenye ukweli, na mara nyingi inakuwa hivyo, kazi ya kutia chumvi ni kukufikisha kwenye kitu ambacho mtu anakifanya kweli akiwa peke yake.

Nane: jina la kanga

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, ule mstari mmoja wa maneno unaosoma mtu akikupita. Hakuna nafasi ya aya pale. Mwanamke anaweza kumaliza ugomvi na jirani bila kufungua mdomo, anavaa tu doti yake anapita kuchota maji. Huo ndio ufupi unaoutaka kwenye kiitikio.

Chukua vesi uliyotengeneza kwenye mchezo wa nne na uiulize: wimbo huu ungekuwa kanga ungeandikwa nini? Maneno manne, matano, sita, yasizidi saba. Ule wa daladala mimi ningeandika NAULI NIMELIPA MBONA WANISHUSHA. Uandike kwa herufi kubwa, uubandike ukutani. Msome mtu ambaye hajasikia vesi. Kama ameuliza "nani kakukosea?" kanga imefanya kazi, imempa mtu hamu ya kisa. Kama ameuliza "unamaanisha nini?" rudi jikoni.

Kwa wale wa kijembe, kanga inakufundisha na ujanja mwingine, humtaji mtu. Anayehusika atajijua, wasiohusika wataimba tu. Ukishamtaja jina umepoteza fumbo, na pengine umepata na kesi.

Kufufua asali

Nilisema maneno yaliyochoka tuyape likizo, sasa nakuonyesha namna ya kumrudisha mmoja kazini. Asali haijachoka yenyewe, kilichochoka ni sehemu moja tu ya asali, utamu. Ukiihoji kama tulivyoihoji LUKU utakuta kuna nyuki, moshi, nta, kuumwa, kupanda mti usiku. Nenda nayo mpaka inakotoka, Tabora kwa mfano, ambako warina asali tangu zamani wametumia mizinga ya magome. Ili kupata mzinga wa namna hiyo unabandua gome la mti wa miombo kuzunguka shina lote, na mti uliobanduliwa hivyo unakauka unakufa. Wataalamu wa misitu wamepigia kelele sana jambo hilo, ndiyo maana mizinga ya mbao inahimizwa.

Sasa simama upande wa mti:

Ulinibandua gome upate pa kuweka asali
Leo waja na kikombe, waniuliza mbona nimekauka

Neno ni lile lile, asali, la wimbo wa harusi, ila sasa lina deni ndani. Fanya hivyo hivyo kwa ua (nani alilichuma, limewekwa kwenye chupa ya nini, maji yamebadilishwa lini), kwa nyota, kwa dawa. Hata tunda, ukitaka. Ila kwa tunda nakushauri usiishie kwenye umbo lake na ladha yake kama wenzako, kwanza imeimbwa mno, pili nyimbo za kumung'unya na kumenya zimewahi kufungiwa na wenye mamlaka. Muulize tunda kuhusu kuiva kabla ya wakati, kuhusu kusafirishwa kwenye lori kutoka Muheza, kuhusu kufungiwa gunia ili liive kwa joto. Hapo kuna wimbo wa msichana aliyeharakishwa kuolewa, na haumtukani mtu.

Kupima kabla ya studio

Mstari ukishaupata upitishe kwenye mambo matatu. La kwanza, mwenye kazi yake angekubali? Msomee konda wa kweli ule wa daladala, kama anacheka sawa, kama anakurekebisha mshukuru na ubadilishe, kwa sababu mtu mmoja anayejua akigundua hujui ulichoimba ameshaacha kukuamini. La pili, unaeleweka ukisikika mara moja, kelele zipo, mtu anakaanga chipsi? Jirekodi kwa simu, cheza wakati watu wanafanya mambo yao, uone nani anainua kichwa.

La tatu ndilo watu wanalisahau: mdundo. Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, prodyuza akikupa melodi inayovuta silabi nyingine neno linapindika na fumbo linakufa pale pale, mtu anabaki anauliza umesema nini. Ukiona neno linagoma, badili neno, au sogeza mstari uanze nusu mdundo mbele. Kuikunja lugha ifuate biti ni suluhisho la mwisho kabisa, na hata hapo usiikunjie kwenye neno lililobeba fumbo.

Mchezo wa kucheza na kambi nzima

Mkiwa watatu kwenda juu chezeni kupokezana. Mmoja anatoa mstari akichagua dunia, wengine wanafuata kwa zamu, kila mstari ubaki kwenye dunia ile ile na usogeze kisa mbele. Hakuna kuandika, ni mdomo tu, simu moja inarekodi katikati. Mfano dunia ya mvuvi (dema ni mtego wa samaki):

Nimetega dema usiku, asubuhi nakuta maji
Dema umeutega wewe, mlango kaufungua nani?
Mlango ulikuwa wazi, chambo nilikula njaa
Basi usimlaumu samaki, kapita njia yake
Nikampigia simu...

Huyo wa simu ametoka baharini, amekosa, anakaa pembeni mpaka raundi iishe na soda ni juu yake. Yule wa "chambo nilikula njaa" mpeni mkono, kakiri kosa lake bila kulisema, na hiyo rekodi msiifute kabla ya kukubaliana mstari ni wa nani.